Kuta za Mawe na Maji ya Kihamba: Nyumba ya Shamba Chini ya Mlima Meru

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyo nguzo ya uhifadhi wa majengo ya kihistoria Tanzania Bara, ina mwaka mmoja ambao kila apendaye historia hana budi kuukariri: 1863. Jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka huo huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale kwa nguvu ya sheria yenyewe. Lililojengwa baadaye hungoja waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Basi huenda mlango uliochongwa mwaka 1939 ukawa na kinga, na nyumba iliyoubeba, ingawa ni kongwe kuliko mlango huo kwa miaka sabini, ikawa haina.

Mwaka huo una uzito wa pekee kwetu tuishio chini ya Mlima Meru. Mji wa Arusha hauna hata ukuta mmoja wa mawe uliokuwa umesimama mwaka 1863. Jengo la mawe linalotajwa kwanza katika kila simulizi ya mji ni Boma, ngome ya Wajerumani iliyojengwa kati ya mwaka 1899 na 1900, ambayo tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe. Nyumba za mashamba za walowezi, zile zenye veranda pana, paa la mwinuko na miti ya kigeni iliyopangwa kwa mstari, zimekuja baada ya Boma. Kwa hiyo wageni waniulizapo iko wapi nyumba ya shamba ya karne ya kumi na tisa katika Arusha, mimi huwajibu kwa swali: mnamaanisha nyumba ya nani?

Sisemi hivyo kwa ubishi. Ilikuwapo nyumba ya shamba katika karne hiyo, tena si moja bali maelfu. Wameru walikuwa wameketi kwenye mitelemko ya mashariki ya mlima kwa vizazi vingi. Waarusha, wasemao Kimaa, walipanda kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830 wakafyeka msitu wa mitelemko ya magharibi. Wote wawili walilima migomba, wakafuga ng'ombe, wakachimba mifereji ya kuteremsha maji ya mlima hadi mlangoni pa kila kaya. Wameru huliita eneo hilo kihamba, neno ambalo majirani zao Wachaga wanalo pia. Ndani ya kihamba mlikuwa na nyumba, zizi, migomba, mfereji, na makaburi ya waliotangulia. Mtu alizaliwa humo, akalima humo, akazikwa humo.

Tofauti ya neno hili na neno shamba ni kubwa, na nadhani sisi watumiaji wa Kiswahili hatujaipima vya kutosha. Shamba ni mahali pa kwenda. Twaenda shambani asubuhi, tunarudi jioni. Hata mtu wa mjini humwambia mwenzake "wa shamba" kwa kumdharau, kwa sababu shamba daima liko mbali na anaposimama msemaji. Kihamba hakiendewi, hukaliwa. Mfasiri akitia "shamba" mahali pa "kihamba" amekwisha kuhamisha makaburi bila kujua. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu liliwahi kuwagharimu watu nyumba zao.

Kwa nini basi hakuna hata nyumba moja ya karne ya kumi na tisa ya Mmeru au Mwarusha tunayoweza kumwonyesha mgeni? Jibu la haraka ni kwamba nyumba ya miti, udongo na majani hujengwa upya kila baada ya miaka. Haikukusudiwa kushindana na mawe. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni ya moto. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliofika Akeri kuanzisha kituo, waliuawa na wapiganaji wa Meru na Arusha. Kapteni Johannes, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Wajerumani Moshi, akaleta majeshi ya kulipiza kisasi, pamoja na wasaidizi wengi kutoka Uchagani. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walitekwa, migomba ilikatwa. Msomaji aliyekulia katika nchi ya migomba atafahamu maana ya hilo la mwisho. Kuchoma nyumba ni kumlaza mtu nje kwa mwezi mmoja. Kukata migomba ni kumnyima chakula, kivuli na mpaka wa ardhi yake kwa pamoja.

Waliobaki ndio walioamriwa kubeba vifaa na kujenga Boma. Kazi hiyo haikuwa ya hiari. Kwa hiyo jengo la mawe lililo kongwe kuliko yote mjini kwetu lilisimamishwa na mikono ya watu ambao nyumba zao za shamba zilikuwa zimetoka kuteketezwa. Ukisimama uani pale leo, watoto wa shule wakipita kuangalia wanyama waliokaushwa na nakala za nyayo za Laetoli, ni vigumu kuyafikiria hayo. Kuta zimepakwa chokaa safi, bustani imefyekwa vizuri, na kelele za magari ya Mnara wa Saa zinasikika kwa mbali.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye neno boma, maana hapa ni nyumbani kwa wapenda lugha. Mara ngapi mmeambiwa, hata na waongozaji watalii wenye vyeti, kwamba boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja utawala wa kijeshi wa Waingereza ng'ambo? Dai hili lingechekesha kama lisingeenea hivi. Henry Morton Stanley alilitumia neno hili katika kitabu chake cha mwaka 1872, na kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, inalo, kwa maana ya ua au ngome ya miti. Mwingereza hakuwa na utawala wa kijeshi Arusha hadi mwaka 1916, na Boma letu lilikuwa limekwisha kuitwa Boma tangu Mjerumani alipolijenga. Neno ni letu. Kilichobadilika ni mzigo lililobebeshwa.

Angalieni safari yake. Kwanza boma ni uzio wa miiba au magogo, wa kuwazuia simba wasifike kwa ng'ombe. Wamasai na Waarusha wa leo wakizungumza Kiswahili huliita boma makao yote ya familia. Kisha mkoloni anajenga ngome, na watu wanaipa jina la kitu walichokijua: ua mkubwa wenye mlango mmoja. Ngome ikawa ofisi, nasi tukapata "kwenda bomani", yaani kwenda serikalini, na "ndoa ya bomani", ndoa isiyo ya padri wala ya kadhi. Halafu, katika siku zetu, neno limegeuka tena kwa namna ambayo hakuna mwanaisimu aliyeipanga: boma ni nyumba iliyosimama kuta bila paa. Kila wiki gazeti linaarifu kwamba wananchi wa kijiji fulani wamejenga maboma ya madarasa na wanaiomba serikali ikamilishe. Uzio, ngome, ofisi, gofu linalosubiri bati: maana zote nne zinaishi kwa wakati mmoja, na hakuna Mtanzania anayechanganyikiwa. Nawaonea wivu watunzi watakaojua kuzitumia zote nne katika ubeti mmoja.

Baada ya Boma walikuja walowezi. Hilo nalo ni neno la kutafakari. Kulowea ni kukaa ugenini hata ukawa kama mwenyeji. Ni neno pole, karibu la huruma, linalomfaa baharia aliyeachwa na msimu wa pepo akaoa mahali alipokwama. Tumelitumia neno hilohilo kwa watu waliopimiwa maelfu ya ekari. Wazee wengi wa Meru hawasemi mlowezi. Husema setla, na ukali wa neno hilo la mkopo, nionavyo, una haki yake.

Walifika kwa makundi. Makaburu walikuja kutoka Afrika Kusini kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, miaka michache baada ya vita vyao na Waingereza vilivyokwisha mwaka 1902, wakapewa ardhi hasa upande wa kaskazini wa mlima. Familia za Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi ziliwekwa karibu na Mto Usa, mahali palipoitwa Leudorf, ambapo leo ni Leganga. Mwaka 1907 wakafika Momella mume na mke kutoka Silesia, Ulrich na Margarete Trappe. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya kigeni yalikuwa yameuzunguka mlima chini kama pete: juu, msitu wa hifadhi ya serikali, chini, mashamba ya walowezi, katikati, vihamba vya Waarusha na Wameru, visivyo na pa kupanukia wala njia huru ya kufikia malisho ya tambarare. Mwanahistoria Thomas Spear, ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wakulima wa mlima huu ni lazima kisomwe na kila anayetaka kuzungumzia ardhi ya Arusha, ameieleza pete hiyo kwa kirefu kuliko niwezavyo hapa.

Nyumba zilizojengwa ndani ya pete hiyo ndizo zinazotajwa leo mtu asemapo "nyumba ya kale ya shamba". Baadhi zimekuwa hoteli karibu na Usa River. Nyingine ni ofisi za mashamba ya kahawa na maua. Nyingine zimeachwa, zimekuwa maboma kwa maana ile ya nne. Nimezitembelea kadhaa kwa miaka mingi, na nakiri kwamba ni nzuri. Mafundi walielewa jua la huku. Veranda huzunguka nyumba ili ukuta usipigwe na mwanga wa mchana, madirisha hutazama mlima, dari ni ya juu, jiwe jeusi la volkeno limepangwa kwa uangalifu ambao wajenzi wetu wa matofali ya saruji wameusahau. Kuzibomoa kwa sababu tu zilijengwa na setla lingekuwa kosa. Mikono iliyochonga mawe yale haikuwa ya setla.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu kuhusu thamani ya urithi. Tunapenda kusema urithi kana kwamba ni zawadi. Lakini jirani yake wa karibu katika lugha ni mirathi, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua utaratibu: kabla ya warithi kugawana chochote, gharama za maziko hutolewa na madeni ya marehemu hulipwa. Mali yenye deni bado si ya warithi. Nyumba hizi zina madeni, na mengi yao yameandikwa ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa maneno ambayo shamba la setla liliyazaa au kuyageuza.

Chukueni kibarua. Asili yake ni barua, kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuthibitisha kuwa amefanya kazi. Karatasi ikawa jina la kazi, kisha ikawa jina la mtu. Kipande nacho kilikuwa kadi iliyohesabu siku za kazi, thelathini kwa kadi moja katika mashamba ya Wajerumani ya Usambara. Mtu asiye na kipande alikuwa mtu wa kukamatwa. Nyapara alikuwa kiongozi wa heshima katika misafara ya Wanyamwezi kabla ya kuwa msimamizi mwenye kiboko shambani, na leo jina hilo limeishia gerezani. Manamba, walioletwa kutoka mbali hasa kwenye mashamba ya mkonge, waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba na namba ndiyo iliyoitwa. Malipo yakawa kwa hela, kutokana na Heller, senti ya Kijerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Himaya ile ilikwisha zamani na sarafu yake haipo, lakini mtoto wa Ngarenaro akimwomba mama yake hela hajui kwamba anazungumza Kijerumani.

Nadhani orodha hii fupi ina thamani ya kihistoria sawa na dari yoyote ya mninga. Tena ina sifa ambayo dari haina: haiwezi kununuliwa na mwenye hoteli. Lakini inaweza kupotea. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba hayo wanaondoka, nao wanaondoka na majina ya mitambo ya kumenyea kahawa, ya mistari ya upandaji, ya vipimo vya posho, ya adhabu, na ya walowezi wenyewe, kwa maana kila setla alikuwa na jina la utani la Kiswahili, Kimaa au Kimeru ambalo yeye mwenyewe pengine hakulisikia.

Momella inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo nyumba ya shamba ya Meru iliyosimuliwa kuliko zote. Margarete Trappe alipata sifa ya kuwa mwindaji hodari, akafa mwaka 1957 akiwa bado chini ya mlima huo. Maisha yake yameandikiwa kitabu kwa Kijerumani na kutengenezewa filamu ya televisheni. Mwaka 1962 ilitoka filamu nyingine, ya Marekani, iliyopigwa Momella na kwingineko nchini, ya mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji John Wayne. Jina lake ni neno letu, *Hatari!*, likiwa na alama ya mshangao. Mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi akanunua shamba hapohapo Momella. Eneo la jirani lilikuwa limekwisha kutangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto mwaka 1960, na kufikia mwaka 1967 mlima wenyewe ukaingizwa na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ndivyo shamba lilivyogeuka kuwa mandhari. Mgeni akitazama flamingo kwenye maziwa ya Momella anaambiwa habari za mwindaji na za mwigizaji. Sina ugomvi na habari hizo. Zina mvuto na ni za kweli. Lakini mwendo mfupi tu kaskazini mwa maziwa hayo kuna mahali ambapo historia nyingine ya nyumba na mashamba ilitokea, isiyopigiwa filamu na Hollywood.

Mahali hapo ni Ngarenanyuki, engare nanyokie ya Kimaa, yaani maji mekundu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze msongamano wa ardhi katika Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yalikuwa na mambo mawili yaliyopingana: baadhi ya mashamba yarudishwe kwa Waafrika, lakini upande wa kaskazini mashariki wa Meru uwe eneo moja lisilokatika la ufugaji wa Wazungu. Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa katikati ya eneo hilo, basi ikabidi waondoke. Katika hati za serikali makao yao hayakuitwa kihamba, wala hayakuitwa Maji Mekundu. Yaliitwa Shamba Namba 31 na Shamba Namba 328.

Mtunzi yeyote ataona kilichofanyika hapo kabla hata ya askari kufika. Watu waliitwa manamba. Sasa ardhi nayo ikawa manamba. Penye namba hapana babu. Tarehe 17 Novemba 1951 uhamisho ukaanza. Takriban watu 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikateketezwa. Walipangiwa kwenda Kingori; wengi walikataa kwenda na wakakataa fidia pia, kwa sababu kuipokea kungekuwa kukubali kwamba kilichochukuliwa kina bei. Zilikuwa zimepita miaka hamsini na mitano tangu moto wa Kapteni Johannes, na walikuwapo wazee walioona mioto yote miwili.

Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika hapo kwa ajili ya TANU. Kamati ya Nne iliunga mkono shauri la Wameru. Katika Baraza Kuu azimio halikufikisha theluthi mbili ya kura. Baadaye Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo. Tena kiliandikwa kwa Kiingereza, na hili naliona kuwa pengo: habari iliyowafikisha watu wa kijiji mbele ya dunia haina kitabu cha Kiswahili chenye hadhi yake, wala utenzi. Tunazo tenzi za vita vya pwani, tunazo za Majimaji. Meru inangoja.

Ubeti huu niliuandika mwaka jana kwa ajili ya wanafunzi fulani walionitaka mfano wa tarbia isiyo ya mapenzi. Si utenzi, na wala hautoshi:

Waliuliza ya nyumba, ya mawe kule bondeni,
Hawakuona mgomba, ulosimama shambani,
Wala maji ya kihamba, yatokayo mlimani,
Nani aliyeziumba, kuta zile za zamani?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini niliandika "shambani" katika mstari wa pili ilhali nahubiri kihamba. Nikamwambia ni kwa ajili ya kina. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka.

Kuna wanaosema uhifadhi wa nyumba za aina hii ni anasa ya pwani, kwa wenye majumba ya kweli. Ni kweli Zanzibar ina mashamba ya karne ya kumi na tisa ambayo sheria yoyote ingeyatambua: hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850 iliyo katikati ya mikarafuu, magofu ya Mtoni alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Lakini Mtoni ina faida nyingine isiyo ya mawe. Salme aliandika. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaanzia katika nyumba hiyo, kwa hiyo tunaijua ua wake, wanyama wake na watu wake hata baada ya sehemu kubwa ya kuta kuanguka. Hata huko, lakini, aliyeandika ni binti wa mwenye shamba. Watumwa waliopanda mikarafuu hawakuachiwa karatasi. Tofauti ya Meru ni kwamba wajukuu wa wajenzi bado wapo, wanakaa ng'ambo ya ua, na wana simu za kurekodia sauti.

Sipendekezi kila nyumba ya setla itangazwe kumbukumbu ya taifa. Fedha hazipo, na nyingine hazistahili. Ningeanza na kazi ndogo zaidi. Mashamba ya pembezoni mwa jiji yanakatwa viwanja kila mwaka, kuanzia Usa River hadi Kisongo, na kinachopotea kwanza si nyumba bali uwanja wake: mfereji hufukiwa, mstari wa miti hukatwa, mpaka wa masale kati ya kihamba na shamba hung'olewa. Mfereji ni mkongwe kuliko nyumba. Mara nyingi mlowezi alichagua mahali pa kujenga kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kufikishwa karibu na wachimbaji wa kabla yake. Kama afisa wa mambo ya kale angeniuliza kipimwe nini kwanza, ningesema mfereji, pamoja na jina la ukoo uliouchimba, kisha nyumba.

Tengeru wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kuanzia mwaka 1942 walihifadhiwa hapo wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wanawake na watoto kwa wingi, waliotolewa Siberia kwa njia ya Uajemi. Waliishi katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa majani, ambavyo vimetoweka kabisa. Lakini makaburi yao yametunzwa, majina yanasomeka, na wageni kutoka Poland huja kuyatafuta. Hakuna anayelalamika kwamba vijumba havikuwa vya mawe. Waliheshimiwa kwa sababu mtu aliandika majina. Sioni kwa nini waliochimba mifereji ya Akeri na Poli wasitendewe hivyo, na wao hawakuja kutoka Siberia.

Na Ngarenanyuki? Watu wa Meru wanakaa huko leo, wanalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mlima. Asubuhi na mapema malori hushuka na matenga hadi soko la Kilombero mjini Arusha, na wachuuzi wanapotaka kuonyesha kwamba mzigo wao ni mzuri huita jina la mahali ulipotoka, kwa sauti, na wanunuzi huelewa. Bado sijamsikia mmoja aliyesema 328.